Nusu Saa ya Kuzoea Giza

Vijana wa maabara mmeniomba niandike, mkaniletea daftari jipya na kalamu mbili, kana kwamba mzee mwenye mkono huu ataimaliza hata hiyo ya kwanza. Sawa, nitaandika. Lakini habari za vyeo hamzipati hapa. Nilipandishwa cheo mara mbili, na mara zote mbili niliambiwa na mfagiaji kabla ya mkuu wa idara. Nitawapa habari za kile chumba cha pembeni mnachowekea ngazi, ndoo na viti vilivyovunjika miguu. Kile kilikuwa chumba cha giza. Humo nilijifunza fizikia, na humo nilifanya kosa ambalo nimeishi nalo mpaka nimeota mvi.

Niliingia chuoni miaka ya wanajeshi. Wahindi walikuwa wamekwisha kufukuzwa, na Wazungu wengi walikuwa wameondoka wenyewe kabla hawajaambiwa. Chuo chetu kilikuwa kidogo, juu ya kilima mashariki ya Kampala, upande wa Kyambogo. Darasa la fizikia lilikuwa na wanafunzi wanne na mwalimu mmoja. Huyo mmoja alifundisha yote: joto, mwanga, umeme, sumaku, na bomba la maji likivuja ni yeye pia. Jina lake Mwalimu Ogwal, Mlangi kutoka Lira, mtu mwembamba, mwenye sauti ya chini hata darasa la watu wanne ilibidi liinamishe shingo kumsikia.

Siku ya kwanza alitupa kila mmoja nyembe mbili na kipande cha kadibodi, akasema tutengeneze mwanya wa kupitisha mwanga, mwembamba kadiri mkono wa mtu unavyoweza. Nilikata vidole vitatu. Nyembe enzi hizo zilikuwa hazionekani madukani, kama vile sabuni, kama vile sukari, na baadaye ndipo nilipofahamu kwa nini Mwalimu alikuwa na ndevu muhula mzima. Nyembe zake zote tulikuwa nazo sisi.

Tulifanya kazi kwa namna hiyo. Lenzi tulizisafisha kwa waragi, ile pombe kali ya kwetu, na pamba, na kila Ijumaa mwenzetu Byaruhanga alishuhudia kwa kiapo kwamba lenzi zote ni chafu. Stoo ilikuwa imetunzwa na mzee mmoja wa Kihindi ambaye mimi sikumkuta. Alipopewa siku zake za kuondoka nchini, badala ya kwenda kuuza vitu vyake, aliketi akaandika vibandiko vya droo zote, kwa mwandiko mzuri wa wino wa buluu: skrubu ndogo, waya wa shaba, vioo vilivyovunjika lakini vinafaa. Vibandiko hivyo nimevitumia maisha yangu yote. Nikifungua droo nilikuwa namshukuru kwa sauti, na wengi wenu mlidhani nazeeka vibaya.

Sasa niwatajie wenzangu. Byaruhanga nimekwisha kumtaja, mtu wa Fort Portal, aliyecheka kabla ya kumaliza sentensi. Wafula alitoka pande za Mbale, mkimya, mikono mikubwa, fundi wa kuchomelea kuliko sote. Nalubega alikuwa msichana wa Kiganda mwenye akili kutushinda wote watatu, na hakuwahi kujifanya halijui hilo. Wa nne mimi, Rajabu, mtoto wa sajini wa polisi, Mnubi.

Hapo kwenye Mnubi nisimame kidogo, maana nyinyi hamkuwapo. Sisi ni wajukuu wa askari walioletwa na Mwingereza kutoka Sudani. Nyumbani tulisema Kinubi chetu na Kiswahili. Askari wa serikali ile nao walisema Kiswahili, na wengine walikuwa jamaa zetu kwelikweli. Kwa mtu wa Kampala, ukifungua mdomo kikatoka Kiswahili kilichonyooka, basi wewe ni mwenzao. Walikuwapo wa kwetu waliokula na serikali ile, sikatai. Baba yangu, serikali ile ilimkuta sajini mwenye baiskeli, ikamwacha sajini mwenye baiskeli ileile. Lakini nani alikuwa na nafasi ya kuuliza habari za baiskeli? Watu walikuwa wakichukuliwa mchana kweupe na magari yasiyo na namba. Mtu akikosekana siku mbili, jamaa zake walikwenda kuuliza Luzira gerezani, na waliomba Mungu awe huko, maana huko angalau kulikuwa na mlango.

Haya, chumba cha giza. Mwalimu Ogwal alitaka tuione atomu moja ikivunjika, kwa macho yetu. Alikuwa na mishale ya saa ya zamani, ile iliyopakwa rangi ya radiamu ili ing'ae gizani, na kioo kilichopakwa salfaidi ya zinki. Chembe moja ikipasuka kwenye ile rangi hurusha kipande chake, kipande kikigonga kioo hutoka kimweko, kidogo mno, kinakuja na kupotea. Unakitazama kwa hadubini na kuhesabu. Rangi ile aliikwangua mwenyewe kwa kisu cha mezani. Leo angeitwa mbele ya kamati ya usalama na mimi ningekuwa shahidi.

Tatizo ni kwamba jicho linalotoka juani halioni kitu. Lazima likae gizani nusu saa nzima ndipo lizoee. Kwa hiyo kila Jumanne saa nane mchana tuliingia, tukakaa kwenye vigoda, tukangoja. Mlango ulikuwa na mapazia mawili mazito meusi, na sheria ilikuwa moja: ukishavuka pazia la kwanza, ukiwa katikati, unataja jina lako. Usipotaja, mtu wa ndani anaweza kunyoosha mguu ukaanguka na hadubini. Mwalimu alikuwa mkali kwa hilo kuliko kwa hesabu.

Na nusu saa hiyo watu wanafanya nini? Wanaongea. Nchi nzima ilikuwa imefunga mdomo. Kantini uliongea habari za mvua, na ukaangalia kwanza nani yuko meza ya nyuma. Mle ndani hukuonekana uso, hakuna aliyekutazama, na mwalimu mwenyewe ndiye aliyeanza. Alitusimulia jinsi alivyosoma ng'ambo, akaungua mkono kwa baridi kwa kushika chuma cha nje. Wafula aliimba. Nalubega alisema siku moja kwamba anaogopa kila akisikia gari, na hakuna aliyemwambia usiogope. Jamani, sijawahi kuwa na raha kama ile. Nimekaa kwenye maabara zenye vifaa vya kila aina, nimepelekwa semina zenye keki, na bado roho yangu hurudi pale, kwenye kigoda, gizani, nikisikia wenzangu wakipumua.

Lakini nilikuwa nikisema "Rajabu" kati ya mapazia, maneno yanakatika. Si kwa chuki. Yalikatika tu, kama mtu anayekumbuka ameacha jiko linawaka. Kisha Byaruhanga anasema, "Karibu, Rajabu, tulikuwa tunaongea habari za mvua," na wanacheka kidogo, nami nacheka nao. Baada ya dakika kumi mazungumzo yanarudi, lakini mazungumzo mengine. Niliyajua hayo mwaka mzima. Nilitaka kitu kimoja tu: waniamini, niingie wasinyamaze.

Jumanne moja nilichelewa. Mama alikuwa amenituma kupanga foleni ya chumvi mjini, na foleni ya chumvi siku hizo huwezi kuitoroka. Nilipofika walikuwa wameingia kitambo. Nikainua pazia la kwanza, nikaliacha lishuke nyuma yangu, nikasimama pale katikati. Nikawasikia wanacheka, na sauti ya Mwalimu ikiendelea, na moyo ukanituma. Sikutaja jina. Nikapita chini ya pazia la pili, nikakaa kwenye kigoda cha mlangoni.

"Mama watoto amekwisha kuvuka," Mwalimu alikuwa akisema. "Mimi Ijumaa. Ni siku ya soko Busia mpakani, nitapita na lori la samaki. Nalubega atabaki na ufunguo wa humu."

Nilijua kwa nini anakimbia. Walangi na Waacholi walikuwa wakitafutwa, na mwalimu mwenzake wa kemia alikuwa amechukuliwa wiki mbili kabla, akiwa na chaki mkononi.

Wafula akauliza, "Na Rajabu je?"

"Rajabu asijue," akasema Byaruhanga, na mara hiyo hakucheka. "Mimi nampenda Rajabu, Mwalimu. Lakini asijue."

Nilingoja jibu la Mwalimu. Naapa, sikuwahi kungoja kitu hivyo, wala matokeo ya mtihani, wala mke wangu alipokuwa leba. Nikasikia kigoda chake kikisogea.

"Muda umetimia," akasema. "Tuhesabu."

Wakahesabu. Kila mmoja dakika mbili kwenye hadubini, kisha anampisha mwenzake, maana jicho huchoka. Kumi na saba. Ishirini na tatu. Kumi na tisa. Mimi nimekaa mlangoni sipumui. Nikitoka katika kimya hiki, watasikia pazia. Nikisema, nitasema nini? Walipomaliza, Mwalimu akawasha tochi yake iliyofungwa karatasi nyekundu, na mimi huyo hapo, na pakiti ya chumvi magotini.

Nalubega aliziba mdomo kwa mkono.

"Rajabu," Mwalimu akasema, "umeingia saa ngapi?"

Ningesema kweli. Ningesema, nimeingia zamani, nimesikia yote, nisamehe, sitasema kwa mtu hata wanikate. Maneno yenyewe nilikuwa nayo. Nikajibu, "Sasa hivi, Mwalimu."

Sasa hivi! Katika kimya kile cha kuhesabu, ambamo hata mguso wa pazia ungesikika? Walijua nadanganya, nami nilijua wanajua. Mwalimu akanitazama, akarudi kwenye daftari lake, akaandika namba ya mwisho. "Haya," akasema. "Kesho uje na pamba, tusafishe lenzi."

Jioni ile nilikwenda mpaka kwenye kona ya nyumba za walimu. Niliona dirisha lake, pazia limefungwa. Nikafikiri: Mnubi, mtoto wa polisi, abishe mlango wa Mlangi machweo haya, siku hizi? Atafikiri nimekuja na wenzangu. Nikarudi. Kesho yake asubuhi nilifika maabara na pamba. Koti lake lilikuwa kwenye kiti, daftari la hesabu mezani, yeye hayupo. Hakungoja Ijumaa. Hakungoja soko wala lori.

Alhamisi walikuja askari watatu, na gari. Mkuu wa chuo, maskini, Kiswahili chake kiliishia kwenye salamu, akaniita nitafsiri. Tukasimama nje, mbele ya madirisha ya maabara.

"Wewe mutoto ya nani?" akaniuliza mkubwa wao.

"Wa Sajini Khamisi, afande, kambi ya polisi."

"Khamisi ya baisikeli? Ah! Huyu ni yetu!" Akanipiga bega. "Sasa sema, Ogwal iko wapi?"

Nilikulia kambini, najua namna ya kuongea na askari. Usijibu kama mtu aliyeshikwa, ongea kama mtu anayepita. Nikacheka. Nikamwambia, "Afande, yule? Kafiwa na mjomba. Jumatatu alipanda basi la Lira, huko ndiko mtamkuta kilioni. Koti lake hilo kaliacha, ataacha na kichwa siku moja." Nikanyoosha mkono kuonyesha kaskazini. Wakacheka wote watatu, nami nikacheka nao kwa nguvu. Wakapanda gari, wakaelekea kaskazini. Busia iko mashariki.

Nilipogeuka, niliona nyuso tatu kwenye dirisha la maabara. Walikuwa mbali, hawakuweza kusikia ila labda jina la Ogwal. Walichoona ni mimi na askari, tunapigana mabega, tunacheka, na mkono wangu unaonyesha njia.

Nilimfuata Nalubega kwenye ngazi, nikaanza kumweleza. "Sikukuuliza kitu, ssebo," akasema, akapita. Msichana tuliyekula naye muhindi mmoja wa kuchoma kwa kupokezana, ananiita ssebo, bwana, kama mtu wa njiani. Mpaka tunamaliza chuo, hakuna hata mmoja wa wale watatu aliyekaa nami meza moja. Nao sikuwalaumu, na siwalaumu. Mtu aliyekosea kumwamini mtu miaka ile hakupata nafasi ya kukosea tena.

Tulimalizia masomo kwa vitabu vyetu wenyewe na mwalimu wa hisabati aliyekuja kutusimamia, mtu mwema aliyeogopa hata betri. Wenzangu wakaenda kufundisha shule za mbali. Mimi nilibaki, nikawa fundi wa maabara. Watu waliniuliza kwa nini mtu aliyehitimu fizikia anapangusa lenzi. Nilikuwa na majibu mengi ya kuwapa. La kweli ni kwamba kama angerudi, angerudi pale.

Serikali ile ilipoanguka, vita vilituvunjia vioo vyote upande wa ziwani, na mimi na droo za yule mzee wa Kihindi tukaanza upya. Galvanomita, kile kipima umeme mnachokiita babu, niliifunga kwa uzi wa soksi ya nailoni. Mizani niliizika shambani kwa shemeji yangu wezi wasiione, nikaifukua ikiwa inapima sawasawa. Wanafunzi walirudi wakawa kumi, thelathini, mia. Niliwafundisha nyembe na kadibodi. Baadhi yenu vidole vyenu ninavijua kwa makovu.

Mwalimu hakurudi. Mwaka mmoja baada ya vita shemeji yake alikuja kuchukua vitabu, akasema Ogwal alivuka salama, akafundisha shule moja Kenya, akafa kwa ugonjwa wa figo kabla ya kurudi. Nikamshukuru Mungu kwamba alivuka. Kisha nikaingia chumba cha giza, nikalia. Maana swali lililokuwa likinila halikuwa na mtu wa kulijibu tena: ile Jumanne, alikimbia serikali, au alinikimbia mimi? Aliponiambia nije na pamba, alikuwa ananipoteza kama mtu anavyompoteza mpelelezi, au hakuwa na neno jingine la kuniagia? Nimelibeba swali hilo miaka kazini na miaka kitandani, na mke wangu, Mungu amrehemu, aliniambia, "Wewe una mwalimu moyoni kuliko mke."

Mwezi uliopita mliponiaga kwa nyama ya mbuzi kule Kabalagala, mlimwona yule mama mrefu aliyekuja na mkongojo, akaketi karibu nami. Mlidhani ni ndugu yangu. Ni Nalubega. Kijana mmoja wenu alimwalika kwa sababu alikuta jina lake kwenye daftari la zamani, kitendo ambacho ningekikataza kama ningekijua. Tulikuwa hatujasemezana tangu zile ngazi. Ilikuwa mchana, muziki juu, nyinyi mnapigania mbavu. Alikula kidogo, akaweka mfupa chini, akapangusa mikono kidole kwa kidole.

"Rajabu," akasema, "nina neno, na nimezeeka. Alikuandikia."

"Nani?"

"Mwalimu. Miezi kama minane baada ya kuondoka. Dereva wa lori alileta, mkononi. Kwangu kulikuwa na karatasi ndogo, mistari miwili: nimefika, mpe Rajabu hii. Na ndani yake bahasha, imefungwa, ina jina lako."

Aliendelea mwenyewe, akitazama sahani.

"Niliichoma. Kwenye sigiri, mama yangu akipika. Nilikuona na wale askari kwa macho yangu, banange, ningekuletea vipi barua ya mkimbizi? Nikasema ni mtego, au Mwalimu hajui alilolifanya huyu. Miaka ya baadaye nilisikia kwamba walikwenda kumtafuta Lira. Nikajua aliyewatuma huko ni nani. Nikaona aibu kuja."

"Uliifungua?"

"Sikuifungua."

"Na kwenye karatasi yako, hakusema neno jingine? Habari yangu?"

"Mpe Rajabu hii. Basi." Machozi yalikuwa yakimshuka bila yeye kuyapangusa. "Nitukane, Rajabu. Nimekuja kutukanwa."

Sikumtukana. Nilikuwa na hasira, sitawaficha, hasira ya mtu aliyeibiwa akiwa amelala na anaamshwa miaka arobaini baadaye kuambiwa. Lakini haikudumu hata kufikia mdomoni, kwa sababu neno jingine lilikuwa limekwisha kuipita.

"Ilikuwa nene?" nikamwuliza.

"Nini?"

"Bahasha. Unene wake. Uliishika, si ndiyo?"

Akafumba macho. Akainua mkono wa kulia, bado una mafuta ya mbuzi, akaweka kidole gumba karibu na cha shahada, akavitanua kidogo, akavirudisha kidogo, akavituliza. Nikamwambia asitingishike. Nikavaa miwani, nikainama pale mezani mbele yenu nyote, nikapima ile nafasi kwa jicho. Karatasi tatu zilizokunjwa, labda nne. Akataka kushusha mkono, nikamwomba anionyeshe tena.